Tulivyokwenda Iganga Kumchukua Naigaga

Tangu turudi siwezi kuchota maji pale bombani bila mtu kuniuliza, "Adhi, ni ukweli mama yako alikaa chini mpakani akakataa kuinuka?" Darasani nako wanataka kujua kama Mama Wambui alipanda baiskeli kweli. Kila mmoja amesikia kipande chake, na vipande vingine vimetiwa chumvi mpaka havilambiki. Nimeona bora niandike mara moja, msome nyote, halafu mniache nipumzike. Mambo ya vibali na foleni za ofisini nitayaruka. Hayana utamu, na kila mtu hapa ameshapanga foleni yake.

Kisumu Ndogo hadi Kawangware

Kwa wasiomjua, Naigaga ni rafiki yangu wa darasa la kemia. Kwao ni Iganga, Uganda, na ukimwita Mganda atakusahihisha kwamba yeye ni Msoga. Tulikutana mwaka wa kwanza maabarani, sisi wawili tukiwa ndio pekee tuliokuwa tunaogopa kuwasha ile taa ya gesi. Yeye ana hesabu kichwani, mimi nina mdomo wa kuuliza maswali, basi tukashikana. Mwaka huu wa mwisho tulipewa utafiti wa watu wawili, na tukachagua kupima maji yanayouzwa kwa mitungi Kibera na Kawangware. Mimi nimezaliwa hapa Kibera, mtaa wa Kisumu Ndogo, mama yangu anauza omena, wale dagaa wa ziwani. Yeye amepanga chumba Kawangware, kwenye ploti ya Mama Wambui. Maji tulikuwa tumeshachota, tumepima, tumeandika. Kilichobaki ni kusimama mbele ya walimu kuitetea kazi, wote wawili. Mmoja akikosa, kazi haihesabiki na mwaka unarudiwa.

Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Wakubwa wa huku na wa kule Uganda walikuwa wanarushiana maneno redioni. Huyu anasema yule anafundisha waasi, yule anasema huyu ndiye anawaficha. Mtu akinunua mkate dukani na Kiswahili chake kikababaika kidogo, vichwa vinageuka. Jioni moja wanaume wawili waliovaa makoti, askari kanzu, walifika langoni kwa Mama Wambui wakimuulizia "yule Mganda." Mama Wambui alisimama katikati ya lango, na yeye si mtu mwembamba, akawaambia hakuna Mganda hapo, aliyeko ndani ni mtoto wa dada yake na ni mgonjwa. Wakaondoka. Naigaga alikuwa nyuma ya mlango wa chumba chake akisikia kila neno.

Chuo kilipofunga akaenda kwao. Siku ya kurudi sikumuona. Aliyekuja ni kondakta wa basi la Busia, akamkuta mama kwenye kibanda chake anapepeta omena.

"Mama, kuna msichana wa Iganga ameniambia nikuambie, mzee wao amekataa arudi. Mumtumie vitu vyake."

Mama hakuacha kupepeta. "Vitu hutumwa vya mtu aliyekufa," akasema. "Huyo amekufa?"

"Hapana, mama."

"Basi vitu vikae."

Akafunika omena zake, akamwachia jirani kibanda, akaniambia nimpeleke kwa huyo landiledi wa Naigaga. Tulipanda kwa miguu, tukapita Soko la Toi, tukavuka Ngong Road, tukapenya kwenye ile mitaa ya matajiri ambapo mbwa wanabweka kuanzia geti la kwanza hadi la mwisho. Nilijua mama anachofikiria. Amekuwa mpangaji maisha yake yote na hajawahi kumpenda mwenye ploti hata mmoja.

Tulimkuta Mama Wambui ameketi nje anachambua njahi, yale maharage meusi. Walikuwa wamesikiana kwa miaka mitatu bila kuonana.

"Mimi ndio mama ya Adhi," mama akasema. "Nimekuja kwa sababu ya vitu vya Naigaga."

"Vitu haviondoki hapa bila mwenyewe. Hata ulete chifu."

"Sijakuja kuvichukua. Nimekuja kukuambia usivitoe."

Mama Wambui alimtazama kidogo, kisha akavuta kiti kingine kwa mguu. Mama akaketi. Bila kuambiwa akachukua konzi moja ya njahi, akaanza kuchambua.

Mimi nilisema naweza kwenda Iganga peke yangu kuongea na mzee. Wote wawili walinitazama kama mtu aliyeongea usingizini.

"Mzee anaongea na mzazi mwenzake," Mama Wambui akasema. "Wewe ataongea na wewe nini?"

"Twende basi," mama akasema.

"Twende wapi?"

"Uganda."

Mama Wambui hakuwa amewahi kupita Nakuru. Alitupa kokoto iliyokuwa ndani ya njahi, akauliza huko ni baridi au joto.

Mau

Asubuhi ya safari kila mmoja alikuja na chakula chake. Mama Wambui alikuwa na githeri, mahindi na maharage ya kuchemsha, kwenye ndoo ndogo yenye kifuniko, mama alikuwa na omena za kukaanga kwenye mkebe. Mimi niliketi katikati yao. Basi halikuwa limemaliza Limuru mkebe ulipofunguliwa.

"Hiyo kitu haiwezi kukaa juu na mizigo?" Mama Wambui akauliza huku ameangalia dirishani.

"Hii kitu ndiyo imesomesha huyu msichana," mama akajibu.

Mpaka Nakuru kila mmoja alikula chake. Nilianza kufikiri nimefanya kosa kubwa kuwaleta pamoja.

Basi liliharibikia juu huko Mau, mahali pa ukungu na miti mirefu, na mtu akipumua unaona pumzi yake. Dereva akasema ni mkanda, atatuma mtu Molo. Watu wakashuka kutafuta chai na kunyoosha miguu. Mama naye alikuwa ameshajifunga leso yake ya pili mabegani, yuko mlangoni, alipogeuka akaona Mama Wambui hajainuka.

"Hushuki?"

"Niko sawa hapa."

"Utaganda."

Mama Wambui alishika ndoo yake ya githeri magotini. Alisema polepole, "Ndugu yangu alikuwa na shamba upande huu. Yeye na watoto waliamka usiku wa yale mapigano, nyumba inawaka. Saa hii wanaishi kwangu, kile chumba cha nyuma. Mimi hapa sikanyagi."

Kumbe wale watu wa chumba cha nyuma, ambao Naigaga alikuwa akiwafundisha watoto wao hesabu, ndio hao. Sikuwa nimewahi kuuliza. Mama alisimama pale mlangoni kidogo. Kisha akafungua leso, akarudi akaketi.

"Na mimi sishuki basi. Miguu inaniuma."

Miguu yake haikuwa inauma. Ni mtu anayesimama kibandani tangu asubuhi hadi jioni.

Baadaye mwanamke mmoja alikuja dirishani na birika kubwa na vikombe vya bati. "Chai, mama. Ni moto." Mama Wambui hakugeuza kichwa. Mama akachukua vikombe viwili, akanywa kimoja, kingine akakishika tu mkononi kikitoa mvuke. Yule mwanamke alikuwa mtu wa pale pale, na alitazama ule uso uliogeukia upande wa pili, naona akaelewa.

"Mama," akasema, "hata mimi siku ile nililala msituni na watoto. Kunywa. Vita vimeshanyamaza sasa."

Mama Wambui alichukua kikombe. Alikunywa, akamaliza, akakirudisha. Halafu akauliza ni ng'ombe wa aina gani wanaotoa maziwa mazito hivyo. Yule mwenye chai akamwambia. Wakaanza mambo ya ng'ombe, wa kwake na wa yule ndugu waliopotea, kupitia dirisha la basi, mpaka fundi akafika na mkanda mpya. Tulipoondoka, nusu ya githeri ilikuwa imebaki Mau.

Baada ya Kericho niliona mkono wa Mama Wambui ukipita mbele yangu kuelekea kwenye mkebe wa omena. Mama alijifanya amelala.

Mpaka, mara ya kwanza

Tulilala Busia kwa binamu ya mama, na asubuhi tukaenda mpakani. Afisa wa upande wetu alikuwa kijana mpole anayetafuna kitu. Akauliza tunaenda kufanya nini Uganda.

"Mazishi," mama akasema.

"Harusi," Mama Wambui akasema, kwa pamoja naye.

Kila mmoja alikuwa ameandaa uongo wake usiku, hakuna aliyemwambia mwenzake. Yule kijana akanigeukia.

"Sasa dada, wewe ndiye bibi arusi ama marehemu?"

Nikamwambia ukweli, kwamba tunakwenda kumwomba mzee amruhusu binti yake arudi chuoni. Alituangalia, akaacha kutafuna.

"Kama ni hiyo tu, si mngesema?"

"Hiyo ni ndefu," mama akasema. "Tuliona una kazi."

Upande wa pili tulipanda gari hadi Iganga, na kutoka Iganga hadi kijijini kwao Naigaga hakuna gari. Kuna baiskeli tu, zile za kubeba watu, zenye kiti cha sponji nyuma. Hapa ndipo kwenye swali la darasani, na jibu ni ndiyo. Mwendeshaji aliyempata Mama Wambui alimtazama juu mpaka chini, akainama akaongeza upepo kwenye gurudumu la nyuma. Mama Wambui alipanda kiupande, akamshika mkanda kwa mikono miwili, akafumba macho na kuanza kuomba kwa Kikikuyu. Kwenye mlima wa kwanza alishuka amsaidie kusukuma. Kwenye mlima wa pili nilipogeuka nilimkuta yeye ndiye anayesukuma baiskeli, mwendeshaji anatembea kando amebeba ndoo ya githeri, na wanaongea kwa mikono tu, na wote wanacheka.

Kwa Mwalimu Isabirye

Naigaga alikuwa anaanua nguo alipotuona. Aliziachilia zikaanguka, akaja mbio, na alipofika akapiga magoti mbele ya mama zangu wawili hapo kwenye vumbi. Ndivyo wasichana wa kwao wanavyowaamkia wakubwa. Siku ya kwanza alipofanya hivyo Kawangware, Mama Wambui alidhani ameanguka, akamwinua na kumpa maji ya sukari. Safari hii hakumwinua. Alimwekea mkono kichwani.

Halafu akapaza sauti kuelekea nyumbani, kama afanyavyo kwa jirani yeyote: "Hodi wenyewe! Habari ya hapa?"

Boma lote likanyamaza. Bibi mmoja mzee aliyekuwa barazani aliinuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Watoto walitoweka. Naigaga alinishika mkono.

"Adhi, waambie wasiongee Kiswahili. Huku hiyo ni lugha ya wanajeshi. Wote waliowahi kuja kuvunja mlango wa huyo nyanya yangu walikuja nayo."

Kwa hiyo mambo yote yakapitia kwangu. Baba yake, Mwalimu Isabirye, alitoka. Ni mtu mrefu, mwenye kofia, na Kiingereza chake ni cha ubaoni, kila neno lina nukta yake. Alitupokea vizuri. Aliagiza viti. Akauliza habari za njia. Kisha, kabla hatujafika popote, akasema kwa upole kwamba anashukuru kwa heshima tuliyompa, ila binti yake harudi. Ataanza upya chuo cha huku. Mimi namtafsiria mama kwa kunong'ona, mama ananong'ona jibu, mimi naligeuza Kiingereza, yeye anatikisa kichwa. Ikaenda hivyo kama maji yanayopimwa kwa kijiko.

Chakula kikaja: viazi vitamu mlima mzima, mchuzi wa njugu, na kuku. Mama Wambui alikula akasahau tulichokuja kufanya, mpaka akaona kwamba mama yake Naigaga na yule bibi hawajagusa kuku. Wanakula viazi na mchuzi tu. Akaliweka chini paja lililokuwa mkononi.

"Adhi," akaninong'oneza, "kwa nini wenyewe hawali hiyo kuku?"

Nikamuuliza Naigaga. Alicheka, mara ya kwanza tangu tufike. Ni mila yao, akasema, wanawake wa zamani hawali kuku, na huyo alichinjwa kwa ajili yetu sisi wageni. Nilipomweleza Mama Wambui, alilichukua lile paja tena, na baadaye akachukua na la pili ili wenyeji wasije wakaona tumewadharau.

Baada ya kula tukarudi palepale. Mzee amekataa. Mama Wambui alikuwa amechoka, akamwambia mama kwa Kiswahili, taratibu, "Huyu mzee ni githeri ambayo haijaiva. Unaweza kuchochea moto mpaka kesho."

Nikamkanyaga mguu. Mama, ili asisikike, akahamia Kijaluo. "Jaduong'ni wiye tek," akaniambia. Yaani kichwa cha mzee huyu ni kigumu.

Mwalimu Isabirye alivua kofia, akaiweka gotini.

"Hakikuwa kigumu, mama," akasema kwa Kiswahili safi. "Kimegongwa."

Mama alifunika mdomo kwa leso. Hata Naigaga alikuwa ameduwaa. Hakuwahi kumsikia baba yake akiongea Kiswahili.

Akatueleza. Zamani, nchi yao ilipoharibika, alikimbilia Kenya, akafundisha shule moja upande wa Nyanza, miaka mingi. Alijua Kijaluo, alijua Kiswahili, alikuwa na marafiki, alimsimamia jirani yake ndoa. Halafu ukaja wakati kama huu, wa maneno ya wakubwa, na asubuhi moja gari likaja kukusanya wageni. "Sikuwalaumu waliokuja na gari," akasema. "Hao walitumwa. Lakini nilipokuwa napandishwa nilitazama ile njia yote niliyokuwa nikipita kila siku. Kila mlango ulikuwa umefungwa. Hata wa yule niliyemsimamia ndoa."

Akamgeukia Mama Wambui. "Binti yangu ameniambia walikuja kwako. Nataka kusikia kwako wewe. Siku ile ulifanya nini?"

Nilidhani Mama Wambui atajisifu. Ana haki ya kujisifu. Lakini alitazama mikono yake.

"Niliogopa," akasema. "Niliwadanganya. Nilisema ni mtoto wa dada yangu. Wangenisukuma waingie, sijui ningefanya nini, Mwalimu. Nisikudanganye na wewe pia."

"Na wakija tena?"

"Sijui. Nitakuwa hapo tu. Siendi mahali."

Mama akaongeza, "Na mimi niko Kibera. Si mbali."

Kuku waliobaki walikuwa wanatafuta mahali pa kulala. Mzee alivaa kofia yake, akatutakia usiku mwema, akaingia ndani. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Usiku huo Naigaga na mimi tulilala kitanda kimoja na hatukuzungumza juu ya baba yake hata kidogo. Tulirudia hesabu za madini ya maji, yeye akinisahihisha gizani, kwa sababu hatukujua kitu kingine cha kufanya.

Asubuhi tulimkuta Mwalimu uani, amevaa koti.

"Funga mizigo," akamwambia binti yake. Na kwetu: "Nitawasindikiza mpaka mpakani. Zaidi ya hapo miguu yangu haitaki."

Mpaka, mara ya pili

Mwalimu alimuaga binti yake upande wa Uganda, kwa maneno machache ya Kisoga, Naigaga akiwa amepiga magoti. Sikuuliza walisema nini. Akabaki amesimama karibu na kizuizi chao, nasi tukavuka.

Yule kijana mpole hakuwepo. Aliyekuwepo alimchukua Naigaga pembeni na kumwambia yeye asubiri, lazima mkubwa amuone. Mkubwa yuko wapi? Ametoka. Atarudi saa ngapi? Atarudi. Sisi watatu tukaambiwa tuko sawa, tuendelee, basi letu linangoja.

"Tunangoja mtoto," mama akasema.

"Mama, nyinyi ni Wakenya. Hamna shida. Nendeni."

"Huyo je?"

"Huyo ni mgeni."

"Sisi ndio wenyeji wake," Mama Wambui akasema.

Basi letu lilipiga honi, mara ya kwanza, mara ya pili, likaondoka. Hapo ndipo mama alipotandika leso yake chini, mbele kabisa ya mlango wa ofisi, akaketi, akanyoosha miguu. Mama Wambui akajishusha kando yake. Mimi na Naigaga tukasimama nyuma yao. Kwa hiyo mliosikia kwamba alipigana na askari, hapana. Hakuna aliyepigana. Aliombwa ainuke, akasema miguu inauma. Akaombwa tena, akafungua mkebe, akamkaribisha askari omena. Watu wa malori walikuwa wanapita wakiuliza kumetokea nini, na Mama Wambui alimweleza kila mmoja kuanzia mwanzo, tangu njahi, mpaka yule afisa akaanza kumuomba apunguze sauti.

Jua lilipanda, likaanza kushuka. Nilipogeuka kutazama upande wa pili, Mwalimu Isabirye alikuwa bado amesimama palepale. Hakuwa ameketi. Kati yetu na yeye kulikuwa na uwanja wa vumbi na malori, naye anatuangalia: wanawake wawili chini na binti yake amesimama nyuma yao.

Mkubwa alirudi, mtu mnene mwenye haraka. Akauliza hawa wamama ni wa nini. Akaelezwa. Akamuuliza Naigaga anasoma nini.

"Kemia."

"Utarudi kwenu lini?"

"Nikimaliza."

Akagonga muhuri wake. Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga mkebe wa omena. Mama alisaidiwa kuinuka, na safari hii miguu ilikuwa inauma kweli. Naigaga aligeuka akainua mkono juu. Ng'ambo kule baba yake alivua kofia, akaikung'uta vumbi, akaivaa tena. Alisimama mpaka tulipopata gari lingine. Ndipo alipoondoka, anatembea polepole, bila kugeuka.

Kawangware, langoni

Nilifikiri safari imeisha tulipofika Kawangware. Siku ya tatu, mimi na Naigaga tukiwa chumbani tunajiandaa, lango likagongwa. Ni wale wale wawili wenye makoti. Sauti zao zilipita dirishani, na Naigaga akaweka kalamu chini, taratibu sana.

"Mama, tumeambiwa yule Mganda amerudi."

Nilihesabu pumzi zangu mwenyewe. Kisha nikasikia lango linafunguliwa, sio ufa wa kuchungulia, ila lote, maana lina bawaba inayolia.

"Amerudi," Mama Wambui akasema. "Ni Msoga. Mimi ndiye nilienda kumchukua kwa baba yake. Yuko ndani anasoma na mwenzake. Ingieni mmuone, chai iko."

Kila mpangaji wa ploti ile alikuwa ametoka mlangoni kwake, na yule ndugu yake wa chumba cha nyuma alikuja akasimama karibu naye, mikono mfukoni.

Wakaingia. Wakatazama karatasi za Naigaga, zote ziko sawa. Wakatazama chupa zetu za maji zilizopangwa dirishani, kila moja na jina la mtaa, na mmoja wao akauliza hizo ni nini, kwa ile sauti yao. Naigaga akamweleza. Alianza kwa woga, lakini mnamjua, akishaingia kwenye hesabu anasahau aliye mbele yake. Yule mwanaume aliinama akasoma kibandiko kimoja.

"Hii ya Olympic," akasema, "ikoje? Mimi nakaa huko."

"Chemsha kwanza," Naigaga akamwambia.

Walikunywa chai wakaondoka. Mama Wambui alifunga lango, akaketi palepale chini ameliegemea, na tukamletea maji ya sukari.

Kibera tena

Tulisimama mbele ya walimu Ijumaa. Mimi nilisema nilivyojua, nikaishiwa kwenye hesabu, Naigaga akanipokea. Yeye alipoulizwa watu wa mtaani wanayahifadhi vipi maji hayo, nikampokea mimi. Tulipita. Si kwa kishindo, mwalimu mmoja alisema meza yetu ya matokeo imechorwa vibaya, lakini tulipita. Tulimtuma yule kondakta wa Busia aliyeleta ujumbe wa kwanza apeleke na huu.

Juzi karudi, na gunia. Njugu karanga ambazo hazijabanguliwa, na juu yake viazi vitamu. Hakuna maneno yoyote, alisema kondakta. Mzee alimpa tu gunia na kumwambia ni la wale akina mama wawili.

Mama Wambui akaja Kibera kulichukua fungu lake. Alikuwa hajawahi kuingia huku tangu azaliwe, na Kawangware ni hapo tu. Alishuka Toi, akaulizia njia ya Kisumu Ndogo mlango kwa mlango, akafika na matope hadi kwenye vifundo vya miguu. Wakamwaga gunia lote sakafuni kwetu, wakaketi mmoja huku mmoja kule, wakaanza kugawa kwa bakuli. Naigaga alikuja baadaye kidogo, akawakuta katikati ya ubishi, maana mama anasema bakuli la Mama Wambui linajazwa kwa mlima na lake linajazwa kwa kusawazishwa. Akapiga magoti awaamkie. Walimwitikia wote wawili bila kumtazama.

"Naigaga," mama akasema, "hebu kaa hapa katikati uhesabu wewe. Huyu mama ananiibia."